Hasheem Thabeet na Kicheko Chetu

Mwezi uliopita tulialikwa kwenye harusi ya jamaa zetu. Baada ya pilau, wanaume tukajitenga pembeni kama ilivyo kawaida yetu, tukaanza soga. Akatajwa kijana mmoja wa jumuiya aliyepata kazi mwaka juzi yenye mshahara ambao wengi wetu hatujawahi kuushika, na ambaye sasa kaachishwa. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Basi naye kawa Hashim." Tulicheka wote. Hakuna aliyeuliza Hashim yupi.

Wakati wa kurudi, mwanetu wa kiume aliyekuwa akiendesha gari alikaa kimya muda mrefu. Ana miaka 25, ana urefu wa futi 6 na inchi 6, na kazaliwa huku huku ughaibuni. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Baba, shuleni waliniita hivyo. Thabeet. Kila nikidondosha mpira." Tukamwuliza mbona hakutuambia. Akajibu kuwa alituambia. Tulicheka.

Hatulali vizuri tangu siku ile. Wanaotusoma katika kurasa hizi wamezoea tuwaandikie riwaya na tenzi. Leo watusamehe, tunaingia uwanjani.

Hasheem Thabeet, ambaye nyumbani tungemwandika Hashim Thabit, na ambaye jina la ukoo wake ni Manka, alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, akabaki na mama na wadogo zake wawili. Alisoma Makongo, shule ambayo mpenda michezo yeyote wa Dar anaijua. Mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka kama 15, na hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Vijana wengi wanaofika ligi kuu ya Marekani walishika mpira kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Wakifika miaka 15 wana uzoefu wa miaka kumi: mikono inajua yenyewe, miguu haisubiri amri ya kichwa. Huyu wetu ndiyo kwanza alikuwa anaonyeshwa kikapu kiko wapi. Akaja Marekani, akazungushwa shule hii na ile, mpaka akamaliza sekondari katika shule ya Cypress Christian, Houston, mwaka 2006. Vuli ya mwaka huo alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara mbili, mwaka 1999 na 2004.

Miaka mitatu ile ya Connecticut watu wameisahau, au wanaikumbuka kama utangulizi wa aibu. Tuitazame kwa takwimu. Mwaka wa kwanza, akiwa bado anajifunza, alizuia mipira kwa wastani wa 3.8 kwa mechi. Mwaka wa tatu alifikisha wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Mwezi Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kupiga bloku 10, jambo ambalo wachezaji wachache mno wa vyuo wamelifanya. Alipoondoka alikuwa na bloku 417, na chuoni pale aliyemzidi ni Emeka Okafor peke yake. Makocha wa vyuo walimchagua mlinzi bora wa taifa mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Kwa mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, hii tayari ni kazi kubwa. Angeishia hapo, akavunjika mguu na kurudi nyumbani, leo pengine tungekuwa na uwanja wenye jina lake.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana hatukuja kumpaka mafuta. Tulikuwepo Hartford tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22. Tulikwenda kundi zima, magari matatu, na bendera ya Taifa. Mwanetu alikuwa na miaka minane. Walicheza na Pittsburgh, na senta wa Pittsburgh alikuwa DeJuan Blair, mtu wa futi 6 na inchi 7, mnene, ambaye ukimweka karibu na Hashim wa futi 7 na inchi 3 ungedhani ni mdogo wake wa mwisho. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23. Katika purukushani moja walishikana mkono wakigombea mpira, na Blair akamtupa Hashim juu ya bega lake kama kuli anavyotua gunia. Picha ile imerudiwa mno. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68.

Sisi wahandisi wa majengo tuliona kitu ambacho jirani yetu kwenye kiti hakukiona, au ndivyo tulivyojidanganya. Kitu kirefu chembamba chenye uzito ulio juu hupinduliwa kwa nguvu kidogo. Kifupi kipana hakipinduliki. Blair aliingia chini ya kiwiko cha mwenzake na fizikia ikamaliza kazi. Hapakuwa na jambo la woga wala la moyo mdogo. Lakini tulijua pia, na tunalisema, kwamba mtu anayejua mchezo tangu utotoni asingeuacha mwili wake usimame wima namna ile mbele ya fahali. Angepiga magoti kidogo, angepanua miguu. Hilo mwili hujifunza kwa miaka, na miaka hiyo Hashim hakuwa nayo.

Miezi minne baadaye, usiku wa tarehe 25 Juni 2009, tulijaa sebuleni kwa rafiki yetu kutazama drafti. (Si ile ya kete kijiweni, ni ule mkutano ambapo timu za NBA hupokezana kuchagua vijana wapya.) Dar ilikuwa saa nane na nusu za usiku, na simu zilikuwa wazi hadi Temeke. Los Angeles Clippers wakamchukua Blake Griffin. Kisha Memphis Grizzlies, wenye nafasi ya pili, wakamtaja Hasheem Thabeet. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, na nafasi ya pili! Mama mmoja alipiga vigelegele mpaka jirani Mmarekani akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama.

Kilichomponza ni orodha iliyofuata. Wa tatu alikuwa James Harden, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Wa saba alikuwa Stephen Curry, ambaye sasa ana vikombe vinne. Wa tisa alikuwa DeMar DeRozan. Basi kila orodha ya machaguo mabaya kupata kutokea humtia Hashim pamoja na Sam Bowie, aliyechaguliwa wa pili mwaka 1984 Michael Jordan akiwa wa tatu, na Darko Miličić wa mwaka 2003. Nyumbani vijana wana neno lao la kijiwe cha karata: garasa. Hashim ni garasa, wanasema, na mjadala umefungwa.

Sasa tuulize swali ambalo hata mhasibu mwanafunzi angeuliza. Aliyechagua ni nani? Karata haijigawi. Walioketi Memphis wakampita Harden na wakampita Curry walikuwa watu wazima wenye mishahara, mikanda ya video na wasaidizi. Wakati ule timu ile ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi ile ile ya senta, na mwezi uliofuata ikamleta Zach Randolph acheze chini ya kikapu. Gasol alikuja kuwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013. Kwa maneno mengine, walimnunua senta ambaye hakuwa na mahali pa kukaa. Curry kuwa Curry si kosa la Hashim, lakini kwa miaka zaidi ya kumi na tano ndilo kosa kubwa analoshitakiwa nalo.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atuvumilie, kwa kuwa ndio moyo wa jambo. Katika vyuo, mlinzi mrefu anaweza kujenga kibanda chini ya kikapu na kukaa humo mpaka mpira umfuate. NBA hairuhusu. Tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu akikaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde 3, timu yake inaadhibiwa. Tena uwanja wenyewe unatanuka: mstari wa pointi tatu vyuoni mwaka ule ulikuwa mita 6.32, wa NBA ni mita 7.24 mbele ya kikapu. Kwa hiyo kile kimoja alichokuwa akikifanya Hashim kuliko mtu yeyote wa rika lake Marekani nzima, yaani kusubiri mlangoni kama bawabu, ndicho alichokatazwa siku aliyopandishwa daraja. Akatakiwa atoke, afukuzane na walinzi wepesi mita saba kutoka kikapuni, ageuke, arudi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ni kama kumwajiri fundi wa chuma kwa sifa za uchomeleaji wake, kisha unamkabidhi randa na mbao.

Katika fani yetu kuna kanuni ya nguzo inayofundishwa mwaka wa pili. Nguzo nyembamba yenye urefu ule ule na chuma kile kile, ukiishikiza imara chini na juu, hubeba mara 16 ya mzigo ambao ingebeba ikiwa imeshikwa chini tu na juu imeachwa huru. Mara 16, na nguzo haijabadilika. Connecticut Hashim alishikizwa: alikuwa na Jeff Adrien wa kupokea mabega ya wababe, A.J. Price wa kumletea mpira pale pale auwezapo, na kocha aliyemchezesha dakika nyingi hata siku alizoboronga. Memphis alipewa dakika 13 kwa mechi. Katika hizo alipata wastani wa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3, ukizitazama bloku hizo kwa uwiano wa dakika utaona bawabu bado alikuwa kazini. Mwishoni mwa Februari 2010 walimpeleka katika ligi ya maendeleo, timu ya Dakota Wizards, mjini Bismarck. Hakuna aliyechaguliwa nafasi ya juu kama ile aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Fikiria kijana wa Dar, Februari, Dakota ya Kaskazini.

Binadamu si nguzo, tunajua, na mfano wetu una mwisho wake. Nguzo haina uvivu wala kiburi, na wapo waliomtuhumu Hashim kwa vyote viwili. Sisi tulimwona kwenye televisheni mara nyingi, na tutatoa tulichokiona. Mikono yake ilikuwa migumu. Pasi nzuri zilimgonga vidole na kutoka. Faulo alizifanya kwa haraka, nyingi za kipuuzi, kwa kuwa alifika nusu sekunde baada ya tukio. Mwaka wa pili, badala ya kupanda, alishuka, dakika zake zikawa kama 8 kwa mechi, na kuna usiku alitembea uwanjani kama mtu aliyepotelewa na anwani. Ikiwa hakujituma vya kutosha miaka ile miwili, na inawezekana, basi hilo ni lake mwenyewe na halifutwi kwa makala. Tunachokataa ni kulifanya hilo kuwa mtu mzima.

Waswahili wa Kongo watatukumbusha Dikembe Mutombo, marehemu tangu Septemba 2024, na ni haki yao. Naye alikuwa mrefu, naye aliuanza mchezo akiwa kijana mkubwa. Mbona yeye hakushindwa? Denver walimchagua wa nne mwaka 1991, akiwa mtu wa miaka 25, wakampa nafasi ya senta siku ya kwanza, na mwaka ule walishinda mechi 24 tu, wakapoteza 58. Timu mbovu ina subira, haina cha kupoteza. Mutombo alipata wastani wa pointi 16.6 na ribaundi 12.3 katika msimu wake wa kwanza. Tena hakucheza hata siku moja ya miaka ile chini ya sheria ya sekunde 3. Ilipokuja alikuwa na miaka 35 na jina lake limekwisha kujengeka. Hatusemi Hashim angekuwa Mutombo. Mutombo alikuwa na mikono bora, kichwa bora cha mchezo, na ukali ambao Hashim hakuwa nao. Tunasema tu kwamba mmoja alipewa uwanja wa kukosea na mwingine alipewa benchi la kukosea, na benchini huwezi kusahihisha.

Yaliyofuata huwa yanasimuliwa kwa sentensi moja ya kejeli. Februari 2011 aliuzwa Houston katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis, na masika yale yale Battier akafunga mpira ulioipa Memphis ushindi wao wa kwanza kabisa katika mechi za mtoano, kwa hiyo hata kwa kuondoka aliwafaa. Machi 2012 akapelekwa Portland. Kisha Oklahoma City, na hapo watu huacha kusoma, ilhali ndipo penye jambo. Msimu wa 2012-13 alicheza mechi 66 katika timu iliyoshinda 60 na kupoteza 22, pamoja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Alikuwa msaidizi wa Kendrick Perkins, dakika kama 12, kuingia, kuziba njia, kupokea viwiko, kutoka. Alikuwa amekubali kuwa mtu mdogo katika kazi kubwa. Ukijumlisha yote, alicheza mechi 224 za NBA. Kila mwaka timu zile huchagua vijana 60 hivi, na wapo wasiofika hata mechi mia.

Akaachwa mwaka 2014. Wengi wa daraja lake, wakiwa na fedha benki, wangerudi nyumbani kufungua baa. Msimu wa 2017-18 alikuwa Yokohama, Japani, akicheza. Mwaka 2019, akiwa na miaka 32, akarudi katika ile ile ligi ya maendeleo iliyokuwa fedheha yake ya kwanza, safari hii Fort Wayne, Indiana, kwa malipo ambayo dereva wa lori hapa asingeyataka, akijaribu tena mlango wa NBA. Haukufunguka. Akaenda Taiwan, akacheza huko. Sasa turudi kwenye ile shutuma ya uvivu. Mvivu hafanyi hivi. Mtu aliyeingia mchezo kwa sababu ya urefu na fedha hafanyi hivi. Hivi hufanya mtu ambaye mahali fulani njiani, pengine baadaye mno, aliupenda mchezo wenyewe.

Bado hatujajieleza sisi. Kwa nini tulicheka, tena sisi kuliko Wamarekani? Tumelifikiria. Wengi wetu tulikuja huku na vyeti, tukabeba boksi kwanza. Wengine bado wanabeba. Sisi wenyewe, na digrii yetu ya uhandisi ya hapa hapa, mwajiri wetu wa kwanza alitutambulisha kwa wateja kama "hazina yetu kutoka Afrika", akatuweka kwenye idara iliyokuwa na watu wanne wa kazi yetu, na baada ya miezi kumi na minne akatuambia hakuona tulichochangia. Nyumbani hatukulisema. Tulisema tumepata pahali pazuri zaidi. Usiku ule wa Juni 2009 tulimwona Hashim amesimama na kofia ya Memphis, na kila mmoja wetu alijitwisha yeye. Kazini kesho yake tulitembea tumenyoosha shingo. Alipoanza kuanguka, tulikuwa wa kwanza kumkana, kwa kuwa tuliogopa Wamarekani wasije wakatuhesabu pamoja naye. Ukiwahi kulicheka jambo, halikupati. Au ndivyo tulivyoamini.

Wiki iliyopita tulimtafutia mwanetu mkanda wa ile mechi ya Providence, ya bloku kumi. Alitazama mpaka mwisho bila kusema, akarudisha nyuma mara mbili mahali Hashim anapozuia mpira kwa mkono wa kushoto na kuudaka mwenyewe. Tukamwambia tulikuwa na nia ya kumpeleka siku ile, lakini tukampeleka ile ya Pittsburgh. Akasema anaikumbuka. Tulidhani anakumbuka lile gunia begani kwa Blair, kama dunia nzima. Akasema hapana, anakumbuka bendera. Tuliingia nayo imetandazwa mabegani mwake. Wakati wa kutoka, kwenye ngazi, watu wa Hartford wakitukana, sisi tuliikunja tukaitia ndani ya koti letu na kufunga zipu.

Ipo kabatini, ukutani juu ya majaketi ya baridi. Tumeiteremsha tukampa. Ina doa la chai pembeni, na hatukumbuki ni la siku gani.